Shem Obuya na Mkutano wa Bichi ya Kobudho Ambao Haukuwapo

Mnamo Februari 2021 marehemu Shem Obuya aliandika kwenye karatasi za serikali kwamba watu sitini na watatu wa Kobudho walikutana kwenye bichi yao, wakatembea ukingoni mwa maji pamoja na afisa, na kwa hiari yao wakamwonyesha mahali pa kujengwa ukuta wa kuzuia ziwa. Mkutano huo haukuwapo. Afisa aliyetajwa ni Shem mwenyewe, na siku hiyo alikuwa Nairobi. Alama ya kidole ya kwanza kwenye orodha ya waliohudhuria ni ya dada yake, Lornah, na Lornah alijua.

Ilibidi hayo yatangulie. Mchapaji wa programu hii ya mazishi alipiga simu kuuliza kama aya ya kwanza imeingia kwa makosa. Aliambiwa achape vile iko. Jana jioni mjane wa marehemu, Jacklyne, naye alijaribu.

"Wifi, kutakuwa na mchungaji, kutakuwa na watu wa ofisi. Hayo si ya kusomwa kaburini."

"Mchungaji atasema ya mbinguni, hayo anayajua," Lornah alimjibu. "Haya ni ya bichi, na mwenyewe aliniachia mimi."

Jacklyne alilia kidogo. Kisha akachukua pasi, akanyoosha shati ambalo mwanawe Dan amelivaa leo kuyasoma maneno haya, kwa sababu Lornah, aliyeyasema, hajui kusoma.

Shem alizaliwa tarehe 14 Agosti 1971 katika kijiji cha Kobudho, Homa Bay, ukingoni mwa ziwa. Alikuwa kifungua mimba wa Mzee Obuya, fundi wa mashua, na Mama Rosbella, aliyeuza omena, dagaa wa ziwa. Lornah alimfuata baada ya miaka mitatu. Nyumba ya mama yao ilitazama maji, na kati ya mlango na maji kulikuwa na mchanga mpana ambapo wanawake wa kijiji kizima walitandaza nyavu kuukuu na kuanika samaki wao. Mahali hapo ndipo watu wa ziwa huita bichi. Hakuna aliyeenda kuota jua pale. Kulikuwa na kazi.

Akiwa na miaka minane Shem aliingiwa na hamu ya kuupima mchanga huo. Alianza kwenye kizingiti cha mama yake, akapiga hatua moja moja hadi maji yalipomlowesha vidole. Kwa kuwa alichanganyikiwa akifika mbali, alimchukua mdogo wake awe kumbukumbu yake: kila hatua ishirini alimpa kokoto moja ashike. Walipofika majini mara ya kwanza Lornah alikuwa na kokoto kumi, na zilizidi hatua kumi na mbili. Mia mbili na kumi na mbili. Shem alishangilia kana kwamba mchanga ameuumba yeye. Alikuwa amepita katikati ya omena za watu, na Mama Rosbella alimfuata na mwiko.

"Wewe mtoto, hesabu zako zitaliwa? Toa miguu kwenye chakula ya watu!"

Walipima kila likizo. Kokoto zilikaa ndani ya kopo la maziwa chini ya kitanda cha Mama.

Mwaka 1983 Mzee Obuya aliugua kifua, akafariki mwezi wa Oktoba. Shem alikuwa darasa la sita, Lornah darasa la pili. Mama Rosbella aliwaita wote wawili jikoni, akasema mmoja ataendelea na mwingine atashika wavu. Hakuuliza nani. "Lornah atangoja kidogo," alisema. "Kaka yake akimaliza, yeye ndiye atamsomesha." Shem aliitikia kwa kichwa. Wakati huo aliamini, na hilo Lornah hajawahi kulikana. Likizo moja alijaribu hata kumfundisha kuandika jina lake mchangani kwa kijiti. Walifika herufi ya tatu, mashua zikarudi, na omena haingoji.

Shem alisoma sekondari ya bweni kuanzia 1986 hadi 1989 na kufaulu vizuri, hasa jiografia. Kati ya 1991 na 1993 alisomea uchoraji wa ramani hapa Nairobi. Ada yote ilitoka kwenye mchanga ule: Mama alianika, Lornah akabeba beseni hadi sokoni. Shem alipopata mshahara wake wa kwanza, mwaka 1994, Lornah alikuwa na miaka ishirini na ndoa iliyokwisha kuvunjika, amerudi kwa mama yake. Alingoja barua ya kuitwa shuleni. Baadaye akangoja angalau kuulizwa. Baadaye zaidi alianza kuona aibu kwamba alikuwa anangoja, akaacha.

Shem alianza maisha ya jiji katika chumba kimoja Kangemi, nyuma ya soko, akichora ramani za viwanja kwa malipo ya siku. Mwaka 1998 alihamia Riruta. Tarehe 18 Desemba 1999 alifunga ndoa na Jacklyne, fundi wa kushona aliyekuwa na kibanda chake karibu na Barabara ya Naivasha, na Mungu akawajalia Dan na Aluoch. Alikuwa baba mpole. Hakuwahi kuinua mkono ndani ya nyumba yake, na Jumapili ndiye aliyepika. Mwaka 2016 familia ilihamia Kileleshwa, ghorofa ya tatu.

Kilichowahamisha ni kazi mpya. Mwaka uliotangulia Shem alikuwa ameajiriwa na Mfuko wa Fukwe, ofisi ya umma iliyo orofa ya saba ya jengo moja katikati ya jiji, inayotoa fedha za serikali kulinda na kurudisha fukwe zinazoliwa na maji. Hapo mwanzo fedha zote zilikwenda pwani. Wakubwa walisema ufukwe ni bahari. Shem aliingia kwenye kikao akiwa na picha moja tu, ya mama yake ameinama juu ya wavu wa omena, akaiweka mezani. "Huu nao ni ufukwe," aliwaambia. "Tofauti ni kwamba hapa watu wanakula kutoka kwenye mchanga." Ilichukua miaka, lakini ziwa liliingizwa kwenye mpango. Hayo alifanya yeye. Lornah anataka yasomwe kwa sauti ileile iliyosoma yale ya kwanza.

Sasa lazima kusema juu ya nyumba ambayo Shem hakujenga.

Kwa desturi ya kwao, mwanamume aliyeoa haruhusiwi kulala chini ya paa la mama yake. Kijana hujenga simba, kibanda chake karibu na lango la baba, na akishaoa hutoka na kufungua boma lake mwenyewe. Simba ya Shem ilianguka mwaka 2009. Kila Krismasi Mama Rosbella alimuuliza ataijenga lini, na kila Krismasi Shem alisema mwaka ujao. Karo zilikuwapo, kodi ya Kileleshwa ilikuwapo, na mwaka ujao haukufika. Mama alipofariki, Aprili 2017, Shem na Jacklyne walilala kwenye hema la kukodi. Mvua ikanyesha. Asubuhi binamu mmoja alisimama mbele ya waombolezaji wote akiwa na kikombe cha chai mkononi.

"Jamani, mmeona maajabu? Afisa mzima wa kulinda nchi kavu, analala juu ya maji!"

Watu walicheka, matanga huwa na kicheko. Lornah pia alicheka. Alimwona Shem akikunja hema kabla halijakauka. Hakulala tena Kobudho maishani mwake.

Mama alizikwa upande wa kushoto wa nyumba yake, kama inavyotakiwa, karibu na Mzee. Baada ya hapo Lornah alibaki peke yake na kopo la kokoto, na aliendelea kupima. Alijua ziwa lilikuwa limegeuka. Zamani maji yalikula kule kwenye banda la samaki, upande wa kaskazini. Sasa yaliacha kule, yakaja upande wa Mama. Kokoto saba mwaka 2013. Kokoto tatu mwaka 2020, ziwa lilipofurika. Januari 2021 zilikuwa mbili, na hatua saba juu yake. Kila mara alimpigia Shem simu.

"Zimebaki arobaini na saba, Shem."

"Nimeandika, Nyamera." Alimwita hivyo, dada yangu kwa lugha yao, hasa akitaka amalize kuongea.

Fedha za Kobudho zilipitishwa mwezi huo. Mfuko ulikuwa na sharti moja lisilokwepeka: wakazi wakutane kwenye bichi yenyewe, watembee na afisa, waonyeshe kwa mikono yao maji yanakula wapi, na wasiopungua sitini waweke sahihi au kidole. Siku ilipangwa, Jumamosi tarehe 20 Februari. Shem alipewa gari la ofisi na dereva. Alichokosa ni mahali pa kulala.

Jumapili kabla ya siku hiyo watu wa Kobudho waishio Nairobi walikutana katika ukumbi mmoja Kangemi kupanga mazishi ya mjomba. Lornah alikuwa amekuja na basi kuwakilisha nyumba ya Rosbella. Kitabu cha waliohudhuria kilipokwisha kuzunguka, Shem alitoa mkobani karatasi nyingine na kisahani cha wino.

"Nyamera, weka kidole wewe kwanza."

"Ya nini hiyo?"

"Ya ukuta. Wakiona mtoto wa Rosbella ameweka, nani atakataa?"

"Na ule mkutano wa Jumamosi?"

"Si ndio huu? Hawa si watu wa Kobudho?"

"Hawa ni watu wa Kangemi, Shem."

Ukumbi ulicheka. Mzee mmoja kando ya dirisha alisema, "Mama, huku tumepanga vyumba tu. Kwetu ni bichi!" Wengine wakapiga makofi, na mama mmoja akasema korona imekataza mikutano, hata serikali itaelewa. Lornah alimtazama kaka yake. Aliona jasho juu ya mdomo wake, na akakumbuka lile hema. Alimhurumia. Pia, kwa mara ya kwanza tangu darasa la pili, alikuwa amehitajiwa kwenye karatasi. Alibonyeza kidole chake, na hakuishia hapo: alikishika kile kisahani cha wino akakizungusha ukumbini mwenyewe, kiti kwa kiti. "Ni ya bichi, wekeni tu. Ni ya kwetu." Walioweka walikuwa sitini na watatu.

Hakuuliza ukuta utakaa wapi. Alidhani anajua.

Malori ya mawe yalifika Kobudho mwezi wa Juni. Lornah alitoka nje kuyapokea, akapiga vigelegele, akayaona yanapita lango la Mama na kuendelea kaskazini hadi kwenye banda la samaki, ambapo maji yalikuwa hayali kitu kwa miaka minane. Alikimbia nyuma yao. Mkandarasi alikuwa Moiz, mtu wa Nairobi mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini, amesimama na kofia ya chuma akihesabu vizimba vya waya vya kujazia mawe.

"Mzee, mmepita! Ukuta ni kule, kwa Rosbella!"

"Mama, pole. Mimi namwaga mawe pahali karatasi imesema."

"Karatasi inadanganya. Maji iko kule, njoo uone na macho yako."

"Nimeona, mama. Nimeona hata kabla wewe useme." Moiz alitoa faili kwenye gari. "Lakini ona hapa. Imeandikwa nyinyi wenyewe mlitembea mkachagua hii pahali. Watu sitini na tatu. Nikihamisha jiwe moja, mimi ndiye nimevunja sheria. Hii kidole ya kwanza ni ya nani? Mwambie huyo mtu aende Nairobi aseme si kweli, mimi nitangoja wiki moja."

Alama ilikuwa ya samawati, na mkunjo wa kovu la ndoana ukipita katikati. Lornah alikificha kidole chake ndani ya kanga. Wanawake wa bichi walikuwa wamejaa nyuma yake wakisikiliza, na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa Kangemi siku ile.

"Sijui ni ya nani," alisema.

Moiz alingoja ile wiki. Kisha akaanza kazi.

Usiku wa siku ya malori Lornah hakulala. Asubuhi alimpigia Shem. Hakumtukana. Aliuliza swali moja, kwa nini. Shem alimjibu.

"Ningeweka kwa Mama wangesema nimejijengea ukuta wa serikali kwa mlango yangu. Kama mkutano ungekuwapo ningesema watu wamechagua. Sasa ningesema nini, Nyamera? Nilichora kule mbali na sisi, ili nionekane msafi."

"Ungekuja ulale hata siku moja."

"Ningelala wapi?"

Ndivyo ilivyokuwa. Shem hakula hata shilingi ya umma. Vitabu vyake vilikaguliwa vikakutwa safi, na alipewa cheti. Aliogopa kicheko.

Ukuta wa banda la samaki ni mzuri. Una mita mia moja na arobaini na haujatikisika hadi leo. Mawimbi yakiupiga huteleza kando, na kando yake ni kwa Rosbella na majirani zake. Jumanne tarehe 7 Mei 2024, saa mbili asubuhi, maji yaliingia kwenye kaburi la Mama, lililokuwa upande wa ziwa. Bamba la saruji lilipasuka, msalaba ukainama, ukaenda. Kaburi la Mzee lilifuata siku ya tatu. Kufikia mwisho wa mwezi nyumba arobaini na moja zilikuwa hazina mahali pa kusimama. Lornah aliondoka na sufuria mbili, godoro na lile kopo. Ndani ya kopo hapakuwa na kokoto hata moja, kwa kuwa hapakuwa na hatua ya kupima.

Alikuja Nairobi akapanga chumba Kangemi, na akaanza kuuza omena sokoni, zinazotoka kwenye bichi za watu wengine. Juni hiyo alipanda hadi orofa ya saba kuomba Mfuko urudi Kobudho. Mtunza faili, Bi Kavindu, alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akafungua kabati.

"Kobudho imefungwa, mama. Mlihudumiwa. Bichi ikishahudumiwa hairudiwi mpaka miaka kumi na tano ipite, labda kama ofisi ndiyo ilikosea. Na hapa ofisi haikukosea. Nyinyi ndio mlichagua, na imeandikwa mliridhika."

Lornah alishuka ngazi kwa miguu badala ya lifti, asionekane na Shem.

Ugonjwa wa Shem ulimpata kazini, tarehe 19 Novemba 2024. Presha ilipanda, akaanguka kando ya meza yake, na upande wa kulia ukafa. Alilazwa wiki tano. Aliporudi Kileleshwa alikuwa anaongea kama mtu mwenye uji mdomoni, na mkono uliokuwa unachora ramani ulilala juu ya blanketi kama wa mtu mwingine. Jacklyne alilazimika kuendelea na cherehani. Kwa hiyo kila siku baada ya soko Lornah alitembea kutoka Kangemi, akamwosha, akamgeuza, akamlisha. Wiki za kwanza alimwosha kwa hasira. Aliubana uso wake na kitambaa kuliko ilivyohitajika, na Shem alivumilia. Siku moja alisema kitu, na ilibidi arudie mara tatu ndipo aeleweke.

"Niandikie."

"Mimi? Umesahau nani alishika wavu?"

Shem alitabasamu kwa nusu ya mdomo. Dan aliitwa.

Barua hiyo iliandikwa tarehe 9 Machi 2025, sebuleni Kileleshwa. Ilichukua mchana mzima kwa kurasa mbili. Shem alisema mkutano haukuwapo, akataja ukumbi wa Kangemi, akaeleza kwa nini alichora kaskazini, akasema kosa ni la afisa na si la wakazi, na akaomba faili la Kobudho lifunguliwe upya na watu waitwe kwenye mchanga wao. Ilipofika kwenye sahihi mkono haukukubali kalamu. Dan alileta wino. Yule msomi wa nyumba ya Rosbella hakuwahi kuweka kidole kwenye karatasi, na alikiburuta, akachafua ukurasa, ukaandikwa upya. Mara ya pili Lornah alimshika kidole gumba.

"Usiburute. Laza, bonyeza, inua. Hivyo. Umeona? Si ngumu."

Shem alilia. Lornah alimwambia anyamaze, wino utamwagika. Chini yake naye aliweka kidole chake, na safari hii alisomewa kila neno kwanza.

Jumanne iliyofuata aliipeleka. Bi Kavindu aliisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Mama, hii ni nzito. Mwenyewe ndiye anatakiwa kuileta."

"Mwenyewe hawezi kuvuka sebule."

"Basi nitaipeleka kwa mkubwa. Siwezi kuipiga muhuri kabla hajaiona."

"Ameiona?"

"Njoo Jumanne."

Lornah alikwenda Jumanne kumi na mbili. Mkubwa alikuwa kwenye kikao, mkubwa alikuwa pwani, mkubwa alisema mgonjwa wa kiharusi huenda hakujua anachosema. Mara moja Bi Kavindu alivuta droo ili Lornah aone kwamba barua haijapotea. Ilikuwa humo, chini ya kisanduku cha chai. Kila Jumanne alipoingia Kileleshwa Shem aliinua nyusi, na kila Jumanne Lornah alitikisa kichwa. Jumanne ya mwisho, tarehe 3 Juni, alifikiria kumdanganya. Alikuwa ameshayapanga maneno njiani. Alipofika kitandani alishindwa, akatikisa kichwa kama kawaida, na Shem akageuza uso ukutani.

Alifariki Alhamisi tarehe 5 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, Jacklyne akiwa amemshika. Alikuwa na miaka hamsini na mitatu.

Wengi wameuliza kwa nini mwana wa Kobudho anazikwa Lang'ata leo, miongoni mwa watu asiowajua. Wameuliza kwa upole na wengine kwa kunong'ona. Jibu ni hili. Shem hakufungua boma lake, kwa hiyo mahali pake palikuwa kwenye boma la baba yake, na boma la baba yake liko ndani ya maji. Baba yao mdogo, ambaye sasa amehifadhiwa kwa wakwe zake, alipigiwa simu. Hakuwa mkali.

"Lornah, tungemzika wapi, ndani ya mashua? Hata tukiomba kipande kwa watu, watu wenyewe ndio hawa waliohamishwa. Hawajakataa. Wanauliza tu nani atasimama aseme hawakuwapo. Ofisi inawaambia walichagua kuzama."

Marehemu ameacha mjane, Jacklyne, mwana, Dan, binti, Aluoch, na dada mmoja, Lornah. Ameacha pia nyumba arobaini na moja za Kobudho, zilizotawanyika kwa wakwe, kwenye vyumba vya kanisa na kando ya barabara ya lami. Kwa kawaida watu kama hao hawaandikwi mahali hapa.

Kilichobaki kulipwa si cha mkono wa marehemu tena. Ofisi ya Mfuko wa Fukwe inadaiwa muhuri mmoja juu ya barua ya tarehe 9 Machi, na mkutano mmoja juu ya mchanga uliobaki Kobudho, afisa akitembea na watu wakionyesha. Bi Kavindu, aliyetuheshimu kwa kuja na ambaye ameketi safu ya tatu, anadaiwa kuitoa barua ile chini ya chai. Hadaiwi zaidi ya hilo, alikuwa mwema. Watu sitini na watatu wanadaiwa kusema hatukuwapo. Wanne wametutangulia. Waliobaki wengi mko hapa, na mnajijua.

Lornah anadaiwa kuliko wote walio hai. Yeye ndiye aliyezungusha wino, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya malori akasema hajui kidole ni cha nani, wakati wiki moja ingetosha. Jumanne tarehe 17 Juni, saa tatu asubuhi, atakuwa kwenye mlango wa lifti wa jengo lile, na atapanda akiwa na yeyote atakayekuja au peke yake.

Shem Obuya alale hapa ugenini. Amani tunayomwombea imo ndani ya droo, orofa ya saba.